Mkono wa Watu Mia Mbili: Mama Kache Aaga Jiko la Mikanju

Bi Mbodze Rai, ambaye wengi wetu humwita Mama Kache, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia jiko la wafanyakazi la Hoteli ya Mikanju, hapa Diani, kwa miaka thelathini na mmoja. Wenye ndimi kali wameanza kusema kwamba ameichagua tarehe hii makusudi ili aikimbie Krismasi, wakati vibarua wanapoongezeka na foleni ya chakula kufika hadi banda la baiskeli. Si kweli. Tarehe imechaguliwa na umri wake na sheria za kazi. Angeulizwa yeye, angebaki walau hadi Pasaka.

Kazi ya kuandika wasifu huu wa kusomwa leo katika kumuaga nimepewa mimi, Mbarak wa stoo, kwa kuwa inasemekana hakuna mtu hotelini aliyegombana naye kunishinda. Hilo sikatai. Tumegombana kwa ajili ya nazi, kwa ajili ya vitunguu, na kwa ajili ya mafuta ya kupikia ambayo kwa hesabu zangu yalipaswa kufika Jumamosi na kwa hesabu zake yalipaswa kwisha Alhamisi. Kila ugomvi uliisha namna moja: yeye aliondoka na alichokijia, nami mchana niliwekewa sahani iliyojaa kuliko za wenzangu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshinda, na nilishaacha kujaribu.

Aliingia Mikanju mwaka 1994 akitokea kijiji cha Mkongani, akiwa mke wa Mzee Ziro, mkulima na mfuga mbuzi, na mama wa watoto wawili wa kiume. Aliajiriwa kumenya viazi. Mwaka uliofuata akajifungua Kache, binti yake wa pekee, na hapo ndipo hoteli nzima ilipompa jina analolitumia hadi leo. Kutoka kwenye viazi akapanda hadi kwenye mboga, kutoka kwenye mboga hadi kwenye sufuria kubwa, na mpishi wa wafanyakazi aliyemtangulia alipoondoka, hakuna aliyehangaika kutangaza nafasi.

Wakati mmoja walijaribu kumpandisha cheo. Alipelekwa jiko la wageni, akavishwa kofia ndefu nyeupe, akaonyeshwa namna ya kuweka vipande vitatu vya samaki katikati ya sahani pana na kuchora mstari wa mchuzi pembeni. Alivumilia wiki moja. Kisha akaivua kofia, akaiacha mezani ikiwa imekunjwa vizuri, akarudi kwetu. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba kule walikuwa wanapika chakula cha kutazamwa, na yeye hajui mtu atashibaje kwa kutazama.

Wageni tulio nao leo wataniwia radhi, lakini ni lazima nieleze vita vya sima, maana amani yake ni kazi ya Mama Kache. Sisi wa pwani hupenda sima laini, ya kulowekwa kwenye mchuzi wa nazi. Ndugu zetu wa bara huitaka ngumu, ya kukatwa kwa kisu, na huiita ugali kana kwamba sisi ndio tuliokosea. Kuna miaka maneno yalikuwa makali mezani kuliko pilipili. Mama Kache hakuhubiri wala hakuitisha mkutano. Aliweka sufuria mbili, ya laini kulia, ya ngumu kushoto, na kila mtu akapanga foleni kwa kadiri ya moyo wake. Siku hizi nawaona Wapwani wawili watatu wakinyemelea foleni ya kushoto, na Gilbert Wafula, aliyekuja kutoka Bungoma akiapa kwamba nazi ni ya kupaka nywele, sasa hawezi kula maharage yasiyotiwa tui.

Na sisi tunaofunga Ramadhani tuna deni la shukrani ambalo sijui tutalilipaje. Mama Kache ni Mkristo, tena wa kukaa kiti cha mbele kanisani kwao. Lakini kila Ramadhani, kwa miaka yote hii, magharibi ilipoingia tulikuta mihogo ya nazi, tambi na uji wa pilipili manga vimefunikwa vinatungoja, hata siku ambazo zamu yake ilikuwa imekwisha tangu alasiri. Chumvi ya futari hakuwahi kukosea, ingawa msaidizi wake wa kuonja, ambaye ni mimi, alikuwa amefunga. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Sifa zake zilivuka ua wa hoteli. Vijana wa maboti ya kwenda kisiwa cha Chale walikuwa na tabia ya kupita kwetu saa ya chakula wakimtafuta mtu fulani, na yule mtu alikuwa hapatikani mpaka wapakuliwe. Mama Kache alijua, nao walijua kwamba anajua. Mwaka ule wa korona, hoteli ilipofungwa na wakabaki walinzi na watunza bustani wachache tu, aliendelea kuwapikia kama vile sote tupo. Tuliporejea tuliwakuta walinzi wetu wamenenepa hadi sare zikabidi zishonwe upya.

Jambo moja tu hatukuwahi kuliweza: kumketisha. Mama Kache alikula mwisho, baada ya kila mtu, akiwa amesimama kando ya jiko, kwenye kifuniko cha sufuria alichokigeuza sahani. Ukimvutia kiti alikishukuru kile kiti, akaweka juu yake karai la mboga.

Sasa nifike kwenye mwaka huu, ambao umekuwa mwaka wake mgumu kuliko yote, ingawa ukimwona akicheka huwezi kujua.

Mwezi wa Januari, Bi Concepta wa ofisi ya wafanyakazi alimwita, akamweleza kwa upole kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Akamweleza mafao yake, akamwuliza kama ana swali. Mama Kache alikuwa na swali moja tu.

“Nitampikia nani?”

Bi Concepta alidhani ni mzaha, akacheka. Mama Kache hakucheka. Akaja stoo, akachukua vitunguu vyake bila kugombana, na hapo nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa miaka thelathini na mmoja amekaa hapa kwenye vyumba vya wafanyakazi, akienda Mkongani siku yake ya mapumziko, Jumatano. Nyumbani alipika mama mkwe wake, Mungu amrehemu, kisha wakapika wake za wanawe. Jumatano yenyewe alikuwa mgeni: alitandikiwa mkeka, akaletewa chai, akaulizwa habari za Diani. Kache alipokuwa mdogo aliwahi kumwambia: “Mama, wewe huwapikia watu wote ila sisi.” Mama Kache hupenda kukisimulia kisa hicho. Akikisimulia hucheka, kisha hugeukia sufuria yake. Ninamfahamu vya kutosha kusema kwamba neno lile lilimwuma na halijapoa.

Basi akaamua kwamba mwaka huu atajifunza kuipikia nyumba yake. Mwezi wa Februari alikwenda sokoni Ukunda, akanunua sufuria ndogo, nzuri, yenye kifuniko cha kung'aa, ya kuwatosha watu wawili. Tulimtania kwa wiki nzima. Tulimwuliza kama ni kikombe. Jumatano akaenda nayo Mkongani kumpikia Mzee Ziro wali, na hapo ndipo tulipojua kwamba mama huyu ana ugonjwa wa kazi.

Mkono wake umezoea watu mia mbili. Akichota mchele, huchota kwa karai. Akitia chumvi, konzi yake ni ya sufuria inayobebwa na watu wawili. Siku ile mchele ulifurika ukainua kifuniko, akauhamishia kwenye sufuria ya jirani, ukafurika tena, akaazima ya kanisa. Mzee Ziro alikula wali ule mchana, jioni, asubuhi na mchana wa pili, kisha akawapa mbuzi. Jumatano iliyofuata ikawa hivyohivyo. Mwezi wa Machi Mama Kache aliniletea ile sufuria ndogo stoo. “Niwekee, Mbarak,” akasema, “hii imenishinda.” Nikaiweka rafu ya juu, nyuma ya mizani. Nami sikumtania tena.

Kisha ikaja Jumatano ile ya mwezi wa Mei. Haya nimesimuliwa na Mzee Ziro mwenyewe, ambaye si mtu wa kutia chumvi, hasa baada ya Februari.

Kache alikuwa ameposwa. Mchumba wake ni Boga, fundi wa matrekta ya miwa kule Ramisi, kijana mpole ambaye wengi wenu mmemwona langoni akijifanya anangojea gari. Wazee wake walituma ujumbe kwamba watakuja Jumatano, ili wamkute mama nyumbani. Sasa, kwa desturi ya pande zile, siku ya kwanza ya posa ni siku ya maneno. Wageni hupewa chai na mahamri, hueleza walichokijia, huondoka. Chakula kizito hungoja siku mambo yatakapokamilika, kwa kuwa anayekula wali na nyama za watu anahesabiwa kuwa amekwisha kukubali kila kitu. Mama Kache aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini ilikuwa siku ya mwanawe, naye alikuwa na lile neno moyoni. Akajiambia atampikia binti yake pilau kidogo, kando, bila kuwahusisha wageni.

Kidogo chenyewe kilihitaji sufuria mbili za kanisa na mafiga ya kujenga upya.

Wazee wa Ramisi waliingia uani wakiwa na mshenga wao, Mzee Tsuma, shangazi mmoja, kreti mbili za soda na leso mpya. Wakaona zile sufuria. Wakanusa pilau. Wakatazamana. Waliketi, wakajibu shikamoo za vijana, wakaomba ruhusa ya kusogea kando wazungumze, wakaenda kusimama karibu na zizi la mbuzi kwa muda mrefu. Waliporudi, Mzee Tsuma alivua kofia.

“Jamani, sisi tulikuja na neno tu,” akasema. “Harusi ya leo hatukuijia. Wala waliotutuma hawana habari nayo, na tukila hawatatusamehe. Turuhusuni turudi, tukajipange, tutakuja siku nyingine.”

Walikuwa wamedhani wamewekewa mtego: kwamba mji mzima umealikwa, na wakionja tu, bibi harusi ataletwa na mahari itadaiwa palepale. Ndani ya nyumba Kache aliyasikia yote, akaanza kulia, na posa ikawa imeshika njia ya kurudi Ramisi pamoja na soda zake.

Ndipo Mama Kache alipotoka nyuma ya moshi, mwiko mkononi.

“Wazee wangu, nisameheni,” akasema. “Hapana harusi hapa leo, wala hapana mtu aliyealikwa. Mimi ndivyo nijuavyo kupika. Nimewapikia watu maisha yangu yote, mwanangu nikamsahau. Nilitaka leo ale chakula cha mkono wangu, na mkono wenyewe ndio huo mnaouona.”

Shangazi wa Boga akauliza, kwa adabu, chakula chote kile huliwa na nani.

“Nala mimi,” akajibu Mzee Ziro. “Tangu Februari. Na mbuzi nao wamechoka.”

Mzee Tsuma ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuweza kuacha. Ikakubaliwa kwamba wageni watakunywa chai yao kama desturi itakavyo, maneno yazungumzwe mpaka mwisho, na pilau itafutiwe walaji wasiomposa mtu. Jirani na boma lile, kwenye chumba cha kanisa, kuna shule ya chekechea ya mwalimu Purity, na watoto ndio kwanza walikuwa wanatoka kwenda nyumbani na njaa zao. Waliitwa. Walikula wakiwa kwenye mikeka, wakala tena, na yule mdogo kuliko wote alilala na mkono ndani ya sahani. Posa ilikubaliwa kabla ya alasiri. Wazee waliondoka na fungu lao la pilau kwenye ndoo yenye mfuniko, ili waile Ramisi, mahali ambapo haiwezi kuwafunga kwa lolote. Jioni Kache alikula sahani mbili.

Mama Kache alidhani mambo yameishia hapo. Jumatano iliyofuata, alipofika nyumbani kupumzika, alikuta watoto wote wa chekechea wamesimama kwenye ua, kila mmoja na sahani yake. Hakuna aliyewaita. Alisimama akiwatazama, anasema Mzee Ziro, kisha akaweka mkoba chini na kuuliza kuni ziko wapi.

Tangu siku hiyo Jumatano ya Mkongani imekuwa siku ya chakula. Mwanzoni unga na maharage vilikuwa vya shamba la Mzee Ziro. Baadaye wazazi wakaanza kuleta: huyu kunde, huyu nazi, huyu mzigo wa kuni, na mwalimu Purity akasema watoto waliokuwa wakitoroka darasani sasa hata likizo wanakuja. Mwezi wa Septemba tulipozidiwa na wageni, mapumziko ya Mama Kache yalihamishiwa Jumatatu, na tukamwona akizunguka jikoni hana raha. Jumatano ile watoto walikuja na sahani zao. Mzee Ziro, ambaye kwa umri wake wote hajawahi kushika mwiko, aliwaangalia, akawaangalia mbuzi, akasonga sima. Iliungua chini, ikawa mbichi juu. Watoto wakaila. Kina mama wa jirani walipoona hivyo walipanga zamu za kupika siku zote za shule, na wapo waliosema walifanya hivyo kwa kuwahurumia watoto, si kwa kumsaidia mzee.

Basi kuanzia Jumatatu ijayo Mama Kache ana jiko linalomngoja, na mkono wake hauna haja ya kupunguzwa. Lile swali la Januari limepata jibu, tena jibu lenye makelele mengi. Bi Concepta anasema hajawahi kuona mtu akidai tarehe yake ya kustaafu isogezwe mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena ndani ya mwaka mmoja.

Huku kazini hakulegea. Mwaka mzima alisimama nyuma ya Wafula, anayerithi mwiko, akimwambia chumvi si mchanga. Mwezi wa Julai alichukua likizo, Wafula akatulisha githeri, yale mahindi na maharage ya bara, mfululizo mpaka tukaanza kuulizana kama kuna kosa tulilotenda. Ameendelea vizuri tangu hapo. Tui lake la kwanza bado ni jepesi, lakini nia anayo.

Mmezoea kwamba mstaafu wa Mikanju hupewa saa ya ukutani. Mama Kache alikwenda kwa meneja, Bwana Lewis, akamwambia kwamba saa ameitazama vya kutosha, na kama hoteli inampenda impe ile sufuria kubwa iliyobonyea ubavu, anayoijua na inayomjua. Amepewa. Imekwisha kupelekwa Mkongani kwa pikapu ya mboga, na nasikia watoto wawili tayari wameoga ndani yake. Harusi ya Kache na Boga ni mwezi ujao. Sote tumealikwa, na sidhani kama kuna haja ya kuuliza habari za chakula.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa foleni ya kulia na wa foleni ya kushoto, asante, Mama Kache. Asante kwa futari, kwa uji wa wagonjwa uliowapelekea vyumbani bila kuambiwa, na kwa kutushibisha kila siku kana kwamba ndiyo siku yetu ya kwanza kufika. Nitakukosa. Nimeandika hivyo na sitafuta. Nani sasa atakuja kunipigia makelele kwa sababu ya nazi?

Limebaki jambo moja, na nimeombwa nilitunze hadi mstari huu usomwe. Jana asubuhi Kache alikuja stoo. Alinipa shikamoo, akaniuliza kama ile sufuria ndogo ya mama yake ningali nayo. Nikaishusha kutoka nyuma ya mizani, nikaifuta vumbi. Leo tangu alfajiri Kache yuko katika jiko letu, na Wafula amefunga mlango ili wewe, Mama Kache, usiingie. Amepika sima laini na mtsunga wa nazi, ile mboga chungu ya kwenu uipendayo. Amepika cha mtu mmoja, hakikuzidi wala hakikupungua.

Kiti hicho mbele yako hakikuwekwa kwa ajili ya karai. Kaa, Mama Kache. Uende salama, uishi kwa afya na furaha na wajukuu wanaokuja. Lakini kwanza kaa. Mwanao anakupakulia.